Mche wa Kupeleka Ruiri

Wawira mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni kwa miaka minne: sauti ya karatasi ya nailoni ikipasuliwa. Nasema zile karatasi nyeusi za kuoteshea miche. Ukipasua moja, ni kama mtu amerarua kitambaa. Ukipasua mia tatu, moja baada ya nyingine, watu wakiwa wamesimama kimya, inakuwa kitu kingine ambacho sina jina lake. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Siku hiyo nilikuacha na bibi yako, cucu, kwa hiyo wewe hukuisikia. Mimi niliisikia yote, na kisu kilichokuwa kikipasua kilikuwa changu.

Nakuandikia mchana huu, wewe na cucu mkiwa Runyenjes kunyoa nywele na kutafuta sanduku. Kesho unaenda Ruiri kuanza gredi ya kumi, na hutalala hapa tena hadi likizo. Mambo ya soksi, sabuni na kutolala na nywele mbichi cucu ameshayasema, na atayarudia hadi gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka miwili, na sasa limefika kwenye mzigo wako.

Ni kuhusu mche wako. Barua ya shule ilipokuja ikisema kila mwanafunzi mpya aje na mche mmoja wa mti wa matunda, ulicheka kwa furaha, kwa sababu wako ulikuwa tayari. Mbegu uliitoa mwenyewe kwenye avokado ya mti wetu mkubwa, ukaiotesha kwenye lile kopo la rangi la bluu. Shina lilipofika unene wa penseli ulilibebesha mwenyewe. Ulikata, ukachomeka kijiti cha kikonyo, ukafunga utepe, na hukuniruhusu hata kushika ncha. Uliniambia, "Mama, huu utapita bweni kwa urefu." Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa najua, wakati natikisa kichwa, kwamba mche ule ni mgonjwa.

Unajua nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, katikati ya kidato cha tatu. Usichojua ni jinsi nilivyorudi shuleni. Sikurudi kwa sababu napenda kusoma, ingawa napenda. Nilirudi kwa sababu wanawake wa hapa walikuwa wananitazama tumboni hata baada ya wewe kuzaliwa, na niliapa kwamba siku moja watanitazama usoni. Hiyo ndiyo iliyonivusha hadi chuo kikuu. Nilipomaliza biolojia na kurudi nyumbani nikiwa na miaka ishirini na nne, kikundi cha akina mama cha kanisa kiliniomba niwafundishe kubebesha avokado. Sikulala usiku huo kwa kiburi.

Kazi yenyewe unaijua. Unatafuta shina la kawaida, unalikata kichwa, unalichomekea kikonyo cha mti unaozaa vizuri, na baada ya wiki chache viwili hivyo ni mti mmoja. Mashina tulinunua kwa Mzee Njeru, ambaye wakati huo alikuwa na kitalu kando ya barabara ya kwenda sokoni. Vikonyo vyote vilitoka kwenye mti wetu, huu alioupanda babu yako, guka, kabla hajafa, kwa sababu haukuwahi kuugua hata siku moja. Nilienda nyumba arobaini na kisu kile kile kwenye mfuko wa aproni. Mama Mugo, mwenyekiti wa kikundi, alianza kuniita daktari. "Daktari, hebu kuja uangalie hiki kikonyo. Kimelala ama kimekufa?" Wengine wanacheka, mwingine anasema, "Kimelala kama bwana yako," wanacheka zaidi. Na mimi nacheka nao, natazamwa usoni.

Miti ilichukua miaka minne kuzaa vizuri. Ilipozaa, matunda yalikuwa na michirizi ya njano iliyobonyea, kama mtu amepitisha kidole kwenye siagi. Wanunuzi waliyarudisha yote. Magome ya miti yalianza kupasuka, matawi yakalala chini badala ya kwenda juu. Jumamosi moja Mama Mugo alijaza beseni la matunda hayo, akaongoza kikundi chote hadi kwenye kitalu cha Mzee Njeru, nami nikaitwa kama mtaalamu.

Aliweka beseni chini mbele yake. "Mzee, hii ni nini umetuuzia?"

Mzee Njeru aliokota tunda moja, akaligeuza, akalirudisha. "Mimi nimewauzia mashina. Tunda ni la kikonyo. Muulizeni mwenye kisu."

Mwanangu, alisema ukweli wote kwa maneno machache, na hakuwa na maabara. Watu wote wakanigeukia. Mama Mugo akauliza, "Daktari, ugonjwa unaweza kutoka kwa shina?"

Nikasema, "Inawezekana."

Hilo ndilo neno langu. Ukilipeleka mahali popote pa kisomi halina kosa, kwa sababu kweli ugonjwa unaweza kutoka kwa shina. Ningeweza kuongeza kwamba unaweza pia kutoka kwa kikonyo, au kwa kisu, na kwamba sijui. Nilikuwa nimefungua mdomo kuongeza. Lakini nilimwona Mama Mugo akishusha pumzi, nikaona nyuso zote zikinitoka na kumrudia mzee, na nikaufunga. Mtu mmoja akasema miche yake ing'olewe isije ikaua mashamba ya wengine. Mwingine akaniomba kisu. Nikampa.

Baadaye nilipata kazi kwenye maabara huko Embu mjini. Kwanza nilikuwa naosha vyombo, halafu wakaniacha nishike mashine ile inayosoma vinasaba vya viumbe na kuviandika kama herufi. Nilitaka kupata uthibitisho kwamba nilisema kweli. Hiyo ndiyo sababu, sitaki uipambe. Nilichuma majani kwenye miti ya kikundi, nikaingiza kwenye mashine baada ya saa za kazi bila ruhusa ya mtu, nikapata mstari wa herufi kama mia mbili na hamsini. Kisha nikaanza kuzitafuta kwenye hifadhidata. Hilo ni ghala kwenye intaneti ambako wanasayansi wa dunia nzima huweka herufi za viumbe walivyovisoma, kila kimoja na rekodi yake. Unaweka herufi zako, unabonyeza, ghala linakuambia zinafanana na nini.

Nilikosea tangu mwanzo. Niliamini kwamba kitu kinachodhuru mti lazima kiwe na maagizo ndani yake, yaani herufi zinazoagiza protini itengenezwe, na protini hiyo ndiyo ifanye ubaya. Kwa hiyo nilizitafsiri herufi zangu kuwa protini na kutafuta miongoni mwa protini. Ghala likajibu kwamba hakuna rekodi. Nikabadilisha, nikatafuta tena. Hakuna. Msimu mzima wa mvua niliandika kwenye daftari neno hilo moja, na nikaanza kujiambia kwamba labda hakuna ugonjwa wowote, ni udongo tu.

Kuna ghala lingine, la RNA, nyuzi ndogo za kinasaba, zile ambazo haziagizi protini yoyote. Nililijua, lakini sikuliendea kwa sababu nilidhani humo kuna vitu vya kimya visivyo na shida na mtu. Nilipolifungua hatimaye, kwa kuchoka tu, rekodi moja ilijitokeza, lakini kwa namna ya ajabu. Nusu ya kwanza ya herufi zangu ilifanana na mwisho wa ile rekodi. Nusu yangu ya pili ilifanana na mwanzo wake. Nilidhani nimeharibu kitu. Niliandika herufi zote kwenye kipande kirefu cha karatasi, nikaja nacho nyumbani, nikakiweka mezani siku tatu nikikikodolea macho.

Siku ya tatu ulikuja ukakichukua. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikizungusha kwenye mkono wako, ukashika ncha mbili pamoja, ukasema, "Si ni bangili tu? Ukianzia hapa ama pale ni ile ile."

Sijui kama unakumbuka. Ulikirudisha mezani ukaenda kuchota maji. Mimi nilikichukua nikakizungusha kama ulivyofanya. Ilikuwa kweli bangili. Kitu kile ni duara, hakina mwanzo, na mimi nilikuwa nimeanza kukisoma mahali tofauti na walipoanzia wao. Nilipozungusha herufi, zote zilikaa kwenye nafasi zao isipokuwa mbili. Kitu hicho huitwa viroidi. Ni kipande kitupu cha RNA, hakina ganda, hakina protini, hakisemi chochote. Kinapita ndani ya mti na mti unaharibika.

Nilisoma kila kitu nilichokipata juu yake. Hakina dawa. Mti ulioambukizwa hukatwa na kuchomwa. Kinasafiri kwa kisu, na kwa vikonyo, na kwa mbegu. Halafu nikafika kwenye sentensi ambayo niliisoma mara tatu: mti wenye dalili hupitisha ugonjwa kwa mbegu zake chache tu, lakini mti ulioambukizwa ambao hauonyeshi dalili yoyote, unaopendeza na kuzaa kila mwaka, huupitisha karibu kwa kila mbegu.

Kesho yake nilichuma majani ya mti wa guka. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: herufi zile zile.

Jioni uliniuliza, "Ile bangili uliipata?" Nikakujibu, "Bado."

Nimejaribu mara nyingi kutafuta sababu nzuri ya kunyamaza kwangu, nikuandikie hapa. Nilijiambia kwamba hakuna dawa, kwa hiyo kusema hakutaponya mti hata mmoja. Nilijiambia kwamba nyumba arobaini zingekata miti yao na kubaki na visiki. Nilijiambia kwamba maabara ingenifukuza. Yote hayo ni kweli, na yote ni kama lile neno langu la kwanza. Sababu yenyewe ni kwamba bado waliniita daktari. Kila Jumapili Mzee Njeru aliketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na watu walijaza mabenchi mengine kwanza. Nilimsalimia kwa mikono miwili. Alinishika mkono na kuniuliza hali yako.

Desemba iliyopita ndama aliingia kwenye maharagwe ya cucu. Cucu akauliza nani aliacha lango wazi. Nilikuwa nimekuona mwenyewe ukipita bila kulifunga. Ulitazama chini ukasema, "Labda ni upepo." Haukuwa uongo, upepo ulikuwepo. Cucu akaulaumu upepo na kijana wa jirani aliyepita kuchukua jembe, mambo yakaisha. Mimi niliendelea kumenya viazi, lakini nilikuwa nimesikia sauti yangu ikitoka mdomoni mwako, na toni yake ile ile. Hakuna siku niliyokukalisha chini nikakufundisha hilo. Ningeweza kukusahihisha pale pale. Nilikosa mahali pa kusimamia.

Kisha ikaja barua ya shule. Kwa wiki mbili nilijiambia kwamba ni mche mmoja tu, na kwamba Ruiri ni mbali na hapa, ni upande mwingine wa mlima. Usiku mmoja nikafikiria huo mti ukiwa umekua kama unavyotaka, unazaa nyuma ya bweni, na wasichana wanaokula matunda yake wanatia mbegu kwenye mabegi wakati wa kufunga shule, mmoja anaenda nayo Maua, mwingine Tharaka, mwingine sijui wapi. Na wewe unawaonyesha jinsi ya kubebesha, kwa sababu una mkono mzuri kuliko wangu.

Juzi nilienda kwa Mzee Njeru. Anakaa kule chini karibu na kijito. Alikuwa ameketi kwenye gunia akipukuchua maharagwe. Aliniambia, "Karibu, daktari," bila kucheka, na sikuweza kujua kama ananisimanga. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupukuchua.

Nilipomaliza akauliza, "Umejua lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili." Alitupa maganda pembeni. "Mama wa nyumba hii, mke wangu, amekufa mwaka jana, ulikuja kwa mazishi. Alikuwa ananiuliza, baba, ni kweli ulipatia watu mashina mabaya? Namwambia sijui. Mwisho hata mimi nilianza kuamini. Amekufa akijua ni mimi."

Aliokota ganda lingine la maharagwe, akalifungua.

"Ungekuja kabla ya hapo ningekukasirikia," alisema. "Sasa hata hiyo kukasirika inataka nguvu."

Halafu nilifanya jambo ambalo nalionea aibu hadi sasa. Nilimwomba mche. Nilimwambia unaenda shule na unahitaji mti wa matunda usio na ugonjwa, na sijui mtu mwingine ambaye mikono yake ni safi. Akaweka maharagwe chini. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mche wa makadamia uliofika gotini, majani yake yakiwa yamesimama.

"Huu si wako," alisema. "Ni wa mtoto. Mwambie asimwagilie kila siku, mizizi inaoza."

"Mzee, nisamehe."

"Chukua mti uende."

Nimekuandikia maneno yake kama yalivyo kwa sababu sitaki udhani nilisamehewa. Na usidhani kwamba nimepata amani. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtu akisema ukweli anapata wepesi. Mimi nilipanda mteremko ule na mche mkononi nikiwa mzito kuliko nilivyoshuka. Mama wa nyumba ile hatasikia. Miti ya watu haitapona. Ninachojua ni jina la ugonjwa na rekodi yake, na rekodi ile ina mahali pa kuandika urefu wa herufi, nchi ulikopatikana na jina la mti. Haina mahali pengine.

Sina ushauri wa kukupa, Wawira. Ningekuwa nao ningeutumia mwenyewe. Kama siku moja watu wakikugeukia wakusubiri useme, na neno la kwanza linalokujia ni lile linalowafanya wakuache, utalitambua, kwa sababu umelisikia nyumbani. Sijui utafanya nini nalo. Mimi sikuweza.

Hii ndiyo hali utakayoikuta. Saa nne asubuhi, mlipokuwa mmeshaondoka, niliandika kwa kikundi chote kwenye simu. Niliweka namba ya rekodi, na picha za majibu, na nikasema kwamba mti mama ni wetu, kisu ni changu, na Mzee Njeru hakukosa lolote. Nikatuma maneno hayo hayo kwa ofisi ya kilimo na kwa mkuu wangu wa maabara. Simu ililia mpaka nikaizima. Pengine cucu ameshaambiwa huko sokoni, na mtarudi mkiwa hamzungumzi. Mama Mugo alifika hapa kwa mguu. Alisimama langoni, hakuingia, akaniuliza tu, "Hata wangu?" Nikamwambia, "Hata wako." Akageuka akaenda. Hakuniita daktari. Mwenye msumeno atakuja kukata mti wa guka kesho alasiri, ukiwa umeshafika shuleni.

Kopo lililo mlangoni ni lile lile la bluu. Nimelisugua ndani na nje kwa dawa ya kufulia, nikatia udongo wa Mzee Njeru. Mche uliomo ni wa makadamia. Wako niliung'oa saa sita, nikauweka nyuma ya jiko pamoja na utepe wako, nikaweka na kisu juu yake, nikawasha. Ulikuwa umeshika vizuri, pale ulipounganisha hapakuonekana hata kovu. Majani yalikuwa mabichi, yakakataa moto kwa muda. Mpini wa kisu ndio ulioshika kwanza.

Mama